Mota ya Matone Elfu Tisa

Nimewasikia watu waliovaa tai wakieleza ni nini kinachoipa pesa ya simu thamani. Wanasema ni teknolojia, mara ni imani ya soko, mara ni wawekezaji. Uongo mtupu. Mimi niliiona thamani hiyo ikitengenezwa, nikiwa nimekaa hatua kumi na mbili tu kutoka hapo, na aliyeitengeneza ni mwanamke mmoja mwenye kopo la rangi la lita nne na mota iliyokaribia kuungua.

Tunamwita Bi Kopo. Ana mashine ya kusaga nafaka kwenye kona ya soko, chumba kimoja chenye mlango wa bati na dirisha la nondo lililozibwa na vumbi la unga. Mimi nauza mikanda, beringi na skrubu ng'ambo ya njia. Ndugu yangu alimuoa, ndugu yangu huyohuyo akamwacha. Mimi sikumwacha, kwa sababu ni mteja wangu mzuri: hula mikanda minne kwa mwaka na hulipa papo hapo. Ananiita shemeji hadi leo. Nami sijawahi kumpunguzia bei kwa ajili ya ushemeji, wala yeye hajawahi kuomba.

Alianza kwa kufagia. Mwenye mashine wa zamani, mzee mmoja aliyekohoa kutwa, alikuwa hamlipi chochote ila unga unaomwagika sakafuni. Akaufagia miaka sita, akauchekecha, akauza kwa wafugaji wa kuku. Mzee alipochoka kukohoa na kuamua kurudi kwao, aliyekuwa na pesa ya kuinunua mashine hakuwa mwanawe bali mfagiaji. Watu walisema ana dawa. Dawa gani? Alikuwa na ufagio.

Na kopo. Kila anayeleta nafaka hupimiwa kwa kopo hilo, na Bi Kopo hupima kwa mfuto: akilijaza, hupitisha kipande cha mbao juu ya ukingo, kinachozidi kikarudi kwenye gunia la mwenyewe. Wasagaji wengine hupenda kopo lenye kilima, kwa sababu kilima ni chao: makopo kumi ya kilima ni kumi na mawili ya mfuto, wanakurudishia unga wa kumi, na hayo mawili "yamekaa kwenye mashine". Kwake hapana. Kopo ni kopo. Ndiyo sababu watu walikuwa wakipita mashine mbili nyingine na mzigo begani kuja kwake.

Sasa alikuja bwana mmoja wa kampuni. Shati jeupe, kitambulisho kinaning'inia kifuani, na katika kila maneno matatu, moja lilikuwa "fursa". Hatukuhangaika na jina lake. Tulimwita Bwana Fursa, naye akadhani tunamsifu.

Kampuni yake ilikuwa na programu ya simu. Unapiga picha za milango ya maduka, mbao za bei, namba za vibanda. Picha ikikubaliwa, unaingiziwa matone mawili. Tone ndiyo sarafu yao, kidoa cha buluu kwenye kioo cha simu. Watu wakapiga picha hadi soko zima likachoka kupigwa. Hodari wao alikuwa Bega, mchukuzi wa magunia, mtu mzima mwenye wajukuu wawili. Alikuwa akitua gunia, anapiga picha ya mlango, anabeba gunia.

"Nimepiga hadi mlango wa choo," alituambia.

"Wamekulipa?"

"Wamenilipa. Mlango wa choo ni matone mawili, sawa na mlango wa benki."

Ila matone yale hayakununua hata kijiti cha kiberiti. Bega alikuwa nayo mia mbili na zaidi, na mke wake alimwambia ayachemshe. Kampuni ilikuwa inapata picha za soko zima, kazi ya miguu ya watu mia, na ilikuwa inalipa kwa vidoa. Ndipo Bwana Fursa akaja kumwona Bi Kopo.

Nilikuwepo, nimekwenda kumpelekea mkanda.

"Mama, nataka uwe wa kwanza," alisema. "Ukipokea wewe, soko zima litapokea."

"Nikipokea nitapata nini?"

"Fursa."

"Hiyo naisagia nini?"

Bwana Fursa akacheka. Bi Kopo hakucheka. Alikuwa anaitazama mota yake, na mota ilikuwa inalia ile sauti ya beringi iliyokwisha, na sikuwa na beringi ya kuiokoa tena. Nilishamwambia: koili zimeanza kunuka, una mwaka mmoja, ukijitahidi. Mota mpya ilikuwa bei ambayo angehitaji miaka mitatu kuifikia. Na mwenye jengo alishasema wazi kwamba chumba kile ni cha mashine. Mashine ikinyamaza mwezi mmoja, anaingiza mwenye duka la simu.

Bwana Fursa aliyaona macho yake yanaelekea wapi. Akatoa simu, akamwonyesha orodha ya vitu ambavyo kampuni ingewapa wafanyabiashara watakaokusanya matone. Humo mlikuwa na mota. Nguvu ya farasi kumi na tano, mpya, kwenye boksi. Matone elfu tisa.

"Andika," Bi Kopo akasema.

"Imeandikwa hapa, mama, kwenye programu."

"Hapo panafutika. Andika kwa mkono wako."

Akageuza risiti yangu ya mkanda, akampa kalamu. Bwana Fursa akaandika nyuma yake: matone elfu tisa, mota moja mpya, farasi kumi na tano. Akatia sahihi na tarehe, huku akitabasamu kama mtu anayemchorea mtoto picha.

Mimi nilikataa matone siku ileile, na nikamwambia shemeji yangu ni mjinga. Naandika hapa ili nisije nikajifanya baadaye kwamba nilijua. Sikujua chochote. Nilikataa kwa sababu ninayenunua kwake beringi hayapokei.

Bei aliiweka Bi Kopo mwenyewe. Matone matatu, kusagiwa kopo moja la mfuto. Kampuni haikumpangia, wala Bwana Fursa hakuwahi kufikiria jambo hilo. Lakini kuanzia asubuhi ile, tone lilikuwa ni kitu: theluthi ya kopo la kusagiwa. Kinyozi akasikia, akaanza kunyoa kwa matone, kwa sababu alijua atakwenda kusagia. Muuza chumvi akafuata. Fundi viatu naye. Ukimuuliza yeyote kati yao tone ni nini, hakuwa anakuelezea habari za kampuni. Alikuwa anakuelekeza kwenye mlango wa bati.

Na umeme je? Uniti za umeme zilinunuliwa kwa pesa taslimu, za wale wateja waliolipa taslimu. Kila kopo la matone lilikuwa linakula pesa halisi ya mwanamke yule. Alikuwa anaisagisha mota saa moja, anaizima robo saa ipoe, anaipepea kwa kipande cha boksi kama mgonjwa wa homa. Miezi saba. Kampuni ikabandika picha yake kwenye ukuta wa ofisi yao, amesimama na kopo, na chini yake maandishi makubwa: TONE LINA THAMANI. Hawakumlipa hata kwa hiyo picha. Mlango wa choo ulilipwa matone mawili, yeye hakulipwa.

Alifika elfu nane na mia saba. Zimebaki mia tatu, yaani makopo mia moja.

Ndipo kampuni ikatoa zawadi.

Ilitangazwa Jumatatu asubuhi kwenye simu za watu, yenye maua na fataki: kila tone lako sasa ni matone kumi! Asante kwa kuwa nasi! Bega alikuja anakimbia, bila gunia, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Bi Kopo! Nina matone elfu mbili na mia nne! Nisagie makopo mia nane!"

"Jana ulikuwa na ngapi?"

"Mia mbili na arobaini."

"Basi una makopo themanini. Kopo sasa ni matone thelathini."

Foleni ikalipuka.

"Umepandisha bei mara kumi!"

"Sijapandisha. Wamelikata tone vipande kumi. Kopo langu hawakulikata."

"Tumepewa zawadi, wewe unatunyang'anya!"

"Siku hizi siyo Bi Kopo," mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Ni Bi Kilima!"

Wakacheka. Hilo ndilo lililonichoma mimi, na mimi si mtu wa kuchomwa na kicheko. Mwanamke amefuta kopo kwa mbao miaka kumi na tisa, punje isiyo yake haijalala kwake, halafu watu wanamwita Bi Kilima kwa sababu tu kampuni imeongeza sifuri kwenye vioo vya simu zao. Kampuni haikutukanwa na hata mmoja. Ilikuwa imetuma maua.

Bi Kopo akafungua simu yake mwenyewe. Elfu nane na mia saba. Hazikuongezeka. Akafungua ile orodha ya vitu, akatafuta mota.

Matone elfu tisini.

Alifunga mlango, akavua kitambaa cha unga, akaenda ofisini kwao. Nilimsindikiza kwa sababu nilitaka kusikia. Ni ofisi yenye mlango wa kioo na hewa ya baridi, na picha yake ukutani ni kubwa kuliko yeye. Msichana wa mapokezi alimtazama, akaitazama picha, akamuuliza ana miadi na nani.

Bwana Fursa akatoka.

"Mama, zawadi ilikuwa kwa akaunti za watumiaji. Yako ni akaunti ya huduma."

"Tofauti yake nini?"

"Watumiaji wanapata matone. Huduma wanayapokea."

"Na mota?"

"Bei ya mota imerekebishwa ili iendane na matone mapya."

"Kwa hiyo matone yao yamekua, bei yenu imekua, ila matone yangu yamelala."

"Mfumo ndivyo ulivyo, mama. Mfumo haunisikilizi hata mimi."

Nimewahi kuibiwa mara tatu katika biashara, na kila mara mwizi alikuwa na adabu ya kukimbia. Huyu alitupatia maji ya chupa.

Tulirudi sokoni. Alipofika akachukua tambara, akafuta maneno TUNAPOKEA MATONE yaliyoandikwa kwa chaki mlangoni, akasaga kwa taslimu tu. Jumanne, kinyozi akakataa matone. Jumatano asubuhi, muuza chumvi. Mchana, fundi viatu akamrudishia mtu kiatu kikiwa na shimo lake. Siku mbili na nusu. Ndivyo lilivyokufa tone, na kampuni yote ilikuwa hai, umeme wa ofisi unawaka, programu inafanya kazi, maua yanaendelea kutumwa. Kilichokosekana ni kopo tu.

Jioni ile Bega akaja dukani kwangu, ameinamisha kichwa, akasema amesikia ofisini kwa kampuni, alikokuwa amepeleka maboksi, kwamba Alhamisi ya wiki inayofuata wanakuja wageni wenye pesa zao, waonyeshwe soko linalotumia matone. Saa tatu asubuhi. Kituo cha kwanza ni mashine ya kusaga.

Nikavuka njia, nikamweleza Bi Kopo.

"Shemeji," nikamwambia, "usimfuate Bwana Fursa tena. Kaa. Atakuja yeye. Na akija usimwambie kwamba unajua anahitaji nini, mwache akuambie anakihitaji lini."

"Na asipokuja?"

"Atakuja. Picha ya mtu ukutani haiwezi kusaga mbele ya wageni."

"Mota yangu haifiki Alhamisi ya wiki ijayo, shemeji. Ukiisikia utajua."

Niliisikia. Kwa mara ya kwanza nilimwona ameketi mchana, juu ya gunia tupu, mikono magotini. Hakulia. Aliuliza kama naweza kuinunua mashine yake kama chuma chakavu, na kwa bei gani. Nikamtajia bei. Ilikuwa bei ya haki na ilikuwa ndogo. Akasema ataifikiria.

Bwana Fursa alikuja Jumatatu, na safari hii alikaa juu ya gunia bila kulipangusa.

"Mama, turudishe uhusiano."

"Tulikuwa na uhusiano gani?"

"Nimeongea na wakubwa. Tutakuingizia matone elfu tisini, leo hii, bure!"

"Halafu nikienda kuchukua mota, mtakuwa mmeiandika laki tisa."

"Hapana, mama, naapa. Na fulana kumi. Na kofia."

"Unataka nisage tena kwa matone kuanzia lini?"

Akajisahau. "Alhamisi, saa tatu."

Bi Kopo akainuka, akatoa ile risiti kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka juu ya kopo.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

"Mama, hii siyo hati rasmi..."

"Nimeuliza ni wa nani. Sijauliza kama imevaa tai."

"Ni wangu."

"Imeandikwa elfu tisa. Ninazo elfu nane na mia saba za wakati ule, za kopo kwa matone matatu. Zimebaki mia tatu, ambayo ni makopo mia moja. Lete mota hii iliyoandikwa hapa, ifungwe, iwake. Alhamisi nafungua saa moja kama siku zote, napokea matone ya watu, thelathini kwa kopo. Nikimaliza makopo mia, deni langu limekwisha, matone yote nakurudishia kwenye simu, mota inakuwa yangu. Sipokei tena."

Niliuona uso wa Bwana Fursa ukipiga hesabu. Saa moja hadi saa tatu. Wageni wanafika foleni ikiwa ndefu, matone yanaruka kutoka simu hadi simu, picha safi kabisa. Akakubali upesi mno. Mtu anayekubali upesi hajauliza mashine mpya inasaga makopo mangapi kwa saa.

Jumanne ikaja mota. Bi Kopo hakutazama boksi, alitazama kibati kilichopigiliwa ubavuni. Farasi kumi.

"Irudi."

"Mama, hii ni ya kisasa, kumi za sasa ni sawa na..."

"Sawa na tone moja kuwa kumi? Irudi."

Jumatano mchana ikaja ya kumi na tano. Nilimuuzia mkanda mpya, bei kamili, nikaifunga mwenyewe na fundi umeme. Tulipoiwasha haikulia, ilivuma tu, na Bi Kopo akaweka kiganja juu yake akakiacha pale kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kupima joto.

Alhamisi saa moja foleni ilikuwa imefika kwa muuza chumvi. Bi Kopo aliazima kwangu washa mia moja, zile pete bapa za chuma zinazokaa chini ya nati. Kila kopo lililofutwa na kumwagwa, washa moja ilidondoka kwenye ndoo, ting, kila mtu asikie. Bwana Fursa alisimama pembeni anatabasamu. Wa kwanza alikuwa Bega. Alimwaga mahindi yake bila kumtazama usoni.

"Bi Kopo, yale maneno ya siku ile..."

"Simu yako ina thelathini?"

"Inazo."

"Basi leta. Maneno siyasagi."

Alimsagia makopo kumi, na mwenzake kumi, na kila aliyefika na matone ya jasho lake kabla ya mia kutimia alisagiwa, kwa umeme wa Bi Kopo. Nilimuuliza kwa nini asiwaache, waliomwita Bi Kilima. Akajibu bila kusimamisha mbao: "Walipiga picha. Ilikuwa kazi. Mimi si kampuni."

Saa tatu ikafika. Wageni hawakufika. Bwana Fursa akaongea na simu: msafara umeanza kwa chai. Ting. Saa tatu na nusu. Ting, ting. Akamsogelea.

"Mama, pole pole kidogo. Pumzisha mota."

"Hii haichoki. Ni mpya."

Washa ya mia ilidondoka saa nne na dakika kadhaa. Bi Kopo akazima. Akashika simu, akamtumia Bwana Fursa kila tone alilokuwa nalo, hadi kidoa cha mwisho, akamwonyesha kioo kikiwa sifuri. Akaichukua risiti ya mkanda, akaikunja, akairudisha kwenye mfuko. Watu waliobaki kwenye foleni aliwaambia: taslimu. Wengine walinung'unika, wakatoa taslimu. Mtu akigeuka aende kwa wasagaji wengine, alikuwa anakumbuka kilima.

Wageni waliingia saa sita. Miwani, viatu visivyojua vumbi, mmoja ana kamera. Bwana Fursa alikuwa amelowa shati.

"Mama," alinong'ona, "kopo moja tu. Kwa matone. Nakuomba kama mwanao."

"Kopo moja," Bi Kopo akasema kwa sauti ya kawaida yake, ambayo ni kubwa, kwa sababu ameishi miaka kumi na tisa kando ya mashine, "ni taslimu."

Wageni wakatazamana. Yule mwenye kamera akaiinua.

Bwana Fursa akatoa pochi mfukoni. Akatoa noti, ya karatasi, imekunjwa mara nne. Bi Kopo akaipokea, akainyoosha, akaitazama kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akalijaza kopo kutoka gunia la mteja aliyekuwa mbele ya foleni na kupitisha mbao juu yake. Kilichozidi akakirudisha kwenye gunia. Akamrudishia chenji.

Washa zangu nilizihesabu jioni mbele yake. Zilikuwa mia, zote.